Jibu la nyota yangu halilingani na la katalogi, na sasa namkwepa msimamizi

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasoma fizikia na hisabati katika chuo kikuu ambacho naomba nisikitaje. Mwaka wa mwisho kila mmoja wetu lazima afanye mradi wa utafiti chini ya msimamizi. Wenzangu wengi wamechukua paneli za sola au mionzi kwenye maji ya visima, mambo ambayo vifaa vyake vipo maabara na ripoti za waliotangulia zipo maktaba. Mimi tangu sekondari napenda nyota. Dokta mmoja wa idara yetu aliposema ana mradi wa astronomia anaoufanya na mtafiti wa chuo cha nje, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kueleza.

Nilipewa nyota moja na data zake kutoka TESS, satelaiti ya Marekani inayopima mwanga wa nyota. Kazi yangu ni kutafuta mwanga wake unapanda na kushuka kila baada ya muda gani, halafu nieleze kwa nini. Dokta alinidokeza kwamba ni nyota pacha, mbili zinazozungukana na kufunikana. Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, sikuwa naijua. Nimejifunza kwa video, usiku, kwa sababu bando la usiku ndilo ninalolimudu. Siku grafu ya kwanza ilipotokea kwenye skrini nilimwamsha mwenzangu wa chumbani aje aone.

Shida ilianzia kwenye kipindi, yaani huo muda wa kupanda na kushuka. Njia ya Lomb-Scargle, hesabu ya kutafuta kipindi ambayo ndiyo tuliyoelekezwa, inanipa saa 4 na dakika 34. Katalogi, ile orodha ya nyota zilizokwisha kupimwa, imeandika saa 9 na dakika 8. Nimerudia. Nimechukua data za sekta nyingine, yaani za awamu nyingine ya satelaiti kuitazama nyota hiyo, nikarudia tena, jibu ni lile lile. Nikaenda ofisini kwa Dokta. Alikuwa anakusanya makaratasi awahi kikao, grafu yangu hakuiangalia, akasema katalogi imetengenezwa na watu wanaojua kazi yao, kwa hiyo mimi ndiye nimekosea, nikarudie. Nikamwandikia yule msimamizi wa nje. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: jambo la kuvutia, chunguza zaidi. Nichunguze nini, Mwalimu, na kila nilichofundishwa nimeshakifanya?

Tangu hapo nawakwepa wote wawili. Nikimwona Dokta kwenye korido ya idara nashuka kwa ngazi za nyuma. Vikao vya mtandaoni nasema umeme umekatika. Wakati mwingine ni kweli, wakati mwingine si kweli. Rafiki yangu wa hosteli ananiambia niache kujitesa, niandike namba ya katalogi, nichore grafu ya kuendana nayo, nipate alama zangu nimalize chuo. Kaka yangu, ambaye ndiye anayejazia ada pale mkopo unapoishia, kila akipiga simu anauliza hizo nyota zitanilisha nini.

Tarehe ya kuwasilisha ripoti haiko mbali. Naomba uniambie: niweke namba ya katalogi? Niombe mradi mwingine wa maabara hata kama muda ni mdogo? Au nikubali tu kwamba utafiti si wa watu kama mimi?

Aliyekwama, Kanda ya Ziwa

*

Marahaba, mwanangu.

Namba usibadilishe. Nalisema hilo mwanzo kabisa ili hata ukiishia kusoma hapa uwe umelipata. Sasa chukua karatasi, andika saa 4 na dakika 34, zidisha kwa mbili.

Umepata saa 9 na dakika 8. Jibu lako ni nusu kamili ya lile la katalogi, na jambo hilo halijitokezi hivi hivi. Mtu aliyeharibu programu yake au aliyepakua data za nyota nyingine hapati nusu kamili, tena katika sekta mbili tofauti. Anapata namba isiyo na uhusiano wowote na ya katalogi. Programu yako inafanya kazi. Data zako ni nzima. Unachokikosa ni kujua Lomb-Scargle inatafuta nini hasa, na hilo linaelezeka.

Njia ile hujaribu kulinganisha data zako na wimbi la kawaida, lenye kilima kimoja na bonde moja, kisha hukuambia ni wimbi la urefu gani linalokaa vizuri kuliko yote. Nyota mbili zinazofunikana hazina bonde moja katika mzunguko mmoja. Zina mawili. Nyota ya kwanza inapita mbele ya mwenzake, mwanga unashuka. Nusu mzunguko baadaye ya pili inapita mbele ya ya kwanza, mwanga unashuka tena. Mabonde hayo mawili yakiwa na kina kinachokaribiana, Lomb-Scargle haiwezi kuyatofautisha. Inaona bonde, kilima, bonde, kilima, na inahesabu kila bonde kuwa ni mzunguko mzima. Kwa hiyo inakupa nusu.

Msikilize mtu anayetembea chumba cha pili, usiyemwona. Unasikia vishindo vinavyofanana na huwezi kujua upi ni wa mguu wa kulia. Lakini akiwa anachechemea kidogo tu, kishindo kizito, chepesi, kizito, chepesi, utajua mara moja kwamba hatua kamili ni vishindo viwili. Unachotakiwa kufanya na nyota yako ni kusikiliza kama inachechemea.

Fanya hivi. Chukua data zako uzikunje kwa kipindi cha saa 4 na dakika 34, yaani mizunguko yote uilaze juu ya mmoja, kisha zikunje upya kwa saa 9 na dakika 8. Kama unatumia Lightkurve, ile programu ya Python ya data za TESS, ni amri ile ile ya fold, unabadilisha namba tu: 0.1903 ya siku, halafu 0.3806, ukiongeza tarakimu zaidi kutoka kwenye matokeo yako, kwa sababu tarakimu nne zinaweza kukufifishia grafu pale mizunguko inapokuwa mingi. Ziweke grafu hizo mbili moja juu ya nyingine kwenye ukurasa mmoja. Katika ile ya kipindi kirefu utaona mabonde mawili. Pima kina cha kila moja. Ukikuta moja limezama kidogo kuliko jenzake, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko shaka ya vipimo vyako, yaani kiasi ambacho vinaweza kukosea, kipindi cha kweli ni kile kirefu, na sababu yake unaijua. Angalia na vilima pia. Katika nyota za aina hii mara nyingi kilima kimoja huwa juu kidogo kuliko kingine, hali inayoitwa kwa jina la O'Connell, na madoa kwenye uso wa nyota ni miongoni mwa sababu zinazotajwa sana. Vilima visivyolingana ni ushahidi uleule kwamba mzunguko mmoja una vishindo viwili.

Hapo TESS inakubeba. Satelaiti ile, iliyorushwa Aprili 2018, hutazama kila sekta ya anga kwa siku 27 hivi, na katika muda huo nyota yenye kipindi cha saa 9 inazunguka karibu mara 70. Toa pengo la katikati ya sekta, bado una zaidi ya mabonde 60 ya kila aina. Ukichukua wastani wa vipimo 60 shaka inapungua karibu mara 8 ukilinganisha na kipimo kimoja. Tofauti ambayo huioni kwa macho kwenye bonde moja inaweza kujitokeza wazi kwenye wastani. Usichoke kuyapima yote.

Kuna hoja nyingine, na hii ndiyo ningependa uielewe hadi uweze kumweleza mtu ubaoni bila karatasi, kwa sababu ni fizikia yenyewe. Kama nyota yako ni ya kundi la W Ursae Majoris, yaani nyota mbili zilizokaribiana hadi zinagusana na kushirikiana tabaka la nje la gesi, basi joto la nyuso zake linakaribiana, na ndiyo maana mabonde yanafanana. Sasa nyota zinazogusana haziwezi kuzungukana upesi kiasi chochote. Kadiri kipindi kinavyopungua ndivyo zinavyolazimika kukaribiana, na ili zikaribiane lazima ziwe ndogo. Watafiti wamekuta kwamba chini ya siku 0.22 hivi, kama saa 5 na robo, nyota za kundi hili zinakuwa adimu sana. Jibu lako la saa 4 na dakika 34 liko chini ya mpaka huo. Hilo peke yake halithibitishi kitu, maana adimu si sawa na haipo, lakini linakupa sababu ya kuitilia shaka nusu yako bila kuegemea katalogi. Ona tofauti ilivyo kubwa kati ya kusema "nimechagua saa 9 kwa sababu katalogi imesema" na kusema "nimechagua saa 9 kwa sababu mabonde yanatofautiana na kwa sababu kipindi kifupi kingeziweka nyota hizi mahali ambapo karibu hazipatikani". Namba ni moja, lakini hiyo ya pili ndiyo utafiti.

Je, ukikuta mabonde yanalingana kabisa? Usikate tamaa, andika hivyo. Wakati mwingine mwanga peke yake hautoshi. Kuna nyota moja moja zinazotanuka na kusinyaa, kwa mfano zile za RR Lyrae za kundi dogo la c, ambazo grafu yake inaweza kumchanganya hata mzoefu akadhani ni pacha. Zenyewe rangi hubadilika pamoja na mwanga kwa sababu joto linabadilika, wakati pacha zinazogusana rangi yake hutulia. Anayetaka kumaliza ubishi hutafuta data za rangi au spektra, yaani mwanga uliotawanywa katika rangi zake. Kuandika kwenye ripoti kwamba data ulizonazo haziwezi kuamua kati ya mambo mawili, na kutaja data zipi zingeamua, ni matokeo kamili.

Angalia pia majirani. Pikseli moja ya TESS inafunika eneo pana la anga, sekunde 21 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3600 ya digrii), na nyota nyingine inaweza kuingia humo na kumwaga mwanga wake juu ya ya kwako. Mabonde yanapungua kina, au pengine anayebadilika mwanga ni jirani na siyo nyota uliyopewa. Katalogi ya Gaia, satelaiti ya Ulaya iliyopima mahali nyota zilipo, itakuonyesha nani anakaa karibu. Na kuhusu bando: kama bado unapakua kila kitu kwenye kompyuta yako, hamia Google Colab, huduma ya kuendesha programu mtandaoni. Faili zinashuka kwenye mashine zao huko, wewe unavuta picha ya grafu tu.

Sasa rafiki yako wa hosteli. Naamini anakupenda na anataka umalize salama, lakini ushauri wake ni wa kughushi, na sitautafutia jina laini. Mtu akiandika namba ya katalogi halafu akachora grafu ya kuifuata, ripoti yake haina nyota ndani yake. Na kibaya zaidi kwa upande wako, ungekuwa umefukia sehemu nzuri kuliko zote za mradi mzima. Wenzako wangapi mwaka huu watasimama mbele ya jopo na kusema, njia ya kawaida ilinipa jibu hili, nikatambua kwa nini ni nusu, nikalipima kwa hoja mbili zisizotegemeana?

Tuna mfano wetu wenyewe wa hapa nchini, na nashangaa kwamba katika vyuo vyetu hautajwi kila mwaka. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wakitengeneza aiskrimu shuleni, aliingiza maziwa yake kwenye friji yakiwa ya moto, akakuta yameganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na darasani ikawa ni utani: hiyo ni fizikia ya Mpemba. Kisha akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia. Mpemba akasimama akauliza swali lake mbele ya wote, wenzake wakacheka. Osborne alidhani kijana amekosea, lakini hakumwambia akae chini. Aliahidi kulijaribu. Akirudi Dar akampa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli maji ya moto yameganda kwanza, na akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio hadi wapate jibu sahihi.

Rudia maneno ya fundi yule polepole. Alikuwa mtu mwaminifu, maana alitaja alichokiona. Lakini akilini mwake jibu sahihi lilikuwa limeshapangwa, na kurudia maana yake ilikuwa kufuta lile lililotokea. Rafiki yako anakushauri hivyo hivyo. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja, jina la kijana likiwa mbele, na hadi leo wanafizikia wanabishana: wapo waliopima kwa uangalifu wakasema hawaoni tofauti yoyote, wapo wanaosema inaonekana katika hali fulani. Ubishi huo umewezekana kwa sababu mtu alisema alichokiona na mwingine akakubali kukipima.

Nije kwa wasimamizi wako, kwa sababu nadhani hapo ndipo panapokuuma zaidi kuliko kwenye namba.

Dokta wako hakukutendea vyema siku ile. Mwanafunzi akija na grafu mkononi, hata kama mtu yuko mlangoni anakwenda kikaoni, sekunde za kuitupia jicho zipo, na mtu aliyezoea nyota pacha angeona nusu ile papo hapo. Hilo nalisema wazi na wahadhiri wanaosoma hapa walisikie: neno "karudie" bila kusema arudie nini, kwa kijana wa miaka 22 anayefanya utafiti kwa mara ya kwanza maishani, linasikika kama "wewe hufai". Hana kipimo kingine. Miaka yote amepewa maswali ambayo majibu yake yako nyuma ya kitabu, na leo kwa mara ya kwanza hakuna nyuma ya kitabu. Mwambieni angalau aangalie wapi.

Lakini na wewe msikie yule wa nje kwa masikio yake, siyo kwa hofu yako. Mtafiti akikuandikia kwamba jambo linavutia na uchunguze zaidi, hajakufukuza. Anakuambia ameona kitu, na anakupa nafasi ukione mwenyewe. Watu wa kazi hii huandika barua fupi sana, na wengi hawajui kwamba mwanafunzi wa kwetu, aliyelelewa kutomsumbua mkubwa, akipewa mstari mmoja anaufunga mlango. Alikuwa anakungoja umuulize tena.

Kumkwepa kumefanya jambo dogo likue. Kipindi kilichokosewa kwa nusu ni mazungumzo ya dakika 20. Mwanafunzi aliyepotea bila taarifa ni suala jingine kabisa, kwa sababu sasa hivi Dokta hajui umekwama. Anajua tu kwamba haonekani, na pengine ameshaamua kwamba mradi umemshinda au ameuchoka. Kuhusu umeme, huhitaji kuitisha kikao cha toba. Mwambie tu kwamba vikao vingine hukuhudhuria kwa sababu ulikuwa umekwama na ulishindwa kusema. Basi. Halafu onyesha kazi.

Usiende mikono mitupu, na usimvizie mlangoni. Andika kwanza, uambatishe ukurasa wenye grafu zako mbili. Kitu kama hiki:

"Shikamoo Dokta. Naomba dakika 20 wiki hii kuhusu mradi wangu. Lomb-Scargle inanipa saa 4 na dakika 34 katika sekta zote mbili. Katalogi ina saa 9 na dakika 8, ambayo ni mara mbili kamili. Nimekunja data kwa vipindi vyote viwili na grafu nimeambatisha. Kwa kipindi kirefu naona mabonde mawili, na kina chake nimekipima hivi. Nadhani kipindi cha kweli ni kile kirefu kwa sababu zifuatazo. Nisichokielewa bado ni namna ya kukadiria shaka ya kina cha mabonde. Naomba unielekeze hapo."

Tazama ulivyompa: ulichokiona, unachokidhani, na usichokielewa, kila kimoja mahali pake. Msimamizi akipata barua ya hivyo hawezi kukujibu "karudie", kwa sababu umemwonyesha hasa wapi pa kuweka kidole. Nakala mpelekee na yule wa nje. Na kuanzia sasa, kila Ijumaa, iwe kazi imekwenda au haijakwenda, watumie mistari mitano ya namna hiyo. Wiki ambayo haijakwenda ndiyo muhimu zaidi kuandika.

Ili mistari hiyo ipatikane, fungua daftari, la karatasi, siyo faili. Tarehe, jina la faili la data, namba ulizoweka kwenye programu, kilichotoka, ulichofikiri. Hata kilichoharibika kiandike, usikichane.

Na kama unadhani ni wewe tu wa umri wako unayehangaika na nyota zinazofunikana, jua kwamba somo hili lilianzishwa na kijana. John Goodricke wa York, Uingereza, alikuwa na miaka 18 mwaka 1782, kiziwi tangu utotoni, alipoanza kuifuatilia nyota iitwayo Algol kwa macho matupu usiku baada ya usiku. Aliyemwongoza ni jirani yake, Edward Pigott, mwanaastronomia aliyemzidi miaka kama kumi, aliyelinganisha naye vipimo. Wakagundua kwamba Algol inafifia kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika karibu 49. Taarifa kwa Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, mwaka 1783 iliandikwa na Goodricke, na medali ya Copley ya chama hicho ya mwaka huo alipewa yeye, ingawa Pigott ndiye aliyekuwa mzoefu. Katika taarifa hiyo Goodricke aliweka maelezo mawili yanayowezekana, mwili mwingine unaoizunguka na kuifunika au madoa juu ya nyota yenyewe, na hakujifanya anajua lipi. Lililothibitika zaidi ya miaka mia moja baadaye, kwa spektra, ni la kwanza. Ukitaka kuiona, jioni za Desemba kama saa 3 usiku iko upande wa kaskazini, kwa kimo cha wastani, na kutoka huko Kanda ya Ziwa inaonekana vizuri mbingu zikiwa safi. Inapofunikwa, mwanga wake unabaki kama theluthi moja. Bonde lake la pili ni dogo sana, jicho haliwezi kuliona, na ndiyo sababu kwa Algol Goodricke hakupata nusu.

Kaka yako mjibu kwa heshima na kwa vitu vinavyoshikika. Mwambie umejifunza kuandika programu, kusafisha data zenye mapengo, kukadiria shaka na kuandika ripoti, na kwamba stadi hizo zinatumika hata mahali pasipo na nyota, kwenye benki, kwenye takwimu za afya, kwenye utabiri wa hali ya hewa. Usimwahidi zaidi ya hapo. Ukitaka kuendelea, angalia mafunzo ya astronomia ya wanafunzi wa Afrika kama PASEA, ambayo yalianzia Nigeria kwa jina la WAISSYA mwaka 2013, na fuatilia matangazo ya Jumuiya ya Astronomia ya Afrika. Zile nafasi za kiangazi za Marekani ziitwazo REU, ambazo vijana wengi huzikuta mtandaoni na kuandaa maombi usiku kucha, zinazolipiwa na mfuko wa taifa wa sayansi wa huko ni za raia na wakaazi wa kudumu wa Marekani. Usizipotezee muda wako sasa hivi, una ripoti.

Mradi usibadilishe. Ukihamia maabara leo utaanza pendekezo upya, utapanga foleni ya vifaa, na utawasilisha kazi ya haraka haraka kuhusu jambo usilolipenda. Wewe ripoti yako iko karibu kuliko unavyodhani. Sura ya njia unayo, kwa kuwa umeifanya hadi umechoka. Sura ya matokeo ianze na saa 4 na dakika 34, kama ilivyotoka, pamoja na grafu ya Lomb-Scargle. Ifuate ile ya kukunja mara mbili. Kisha jedwali la kina cha mabonde, kwa sekta zote ulizo nazo, na shaka yake. Halafu mjadala wa mpaka wa siku 0.22, na majirani ndani ya pikseli. Katalogi iingie mwisho kabisa, pale unapolinganisha.

Anza na grafu hizo mbili usiku wa leo, bando likishuka bei. Barua kwa Dokta iende kesho asubuhi.